Msiisingizie KI-

Katika somo la sarufi kuna sentensi moja ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameikariri: ngeli ya KI-VI ni ngeli ya vitu, lugha, udogo, pamoja na watu wenye kasoro za mwili. Tunaiandika kwenye daftari mwaka wa kwanza, tunairudisha kwenye mtihani, tunapewa alama zetu, na siku tukienda kufundisha tunawapokeza watoto wa shule kama tulivyopokezwa sisi. Mimi naipinga sentensi hiyo, na ninaomba mnisikilize kabla ya kuniambia kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili hana haki ya kupinga sarufi.

Siipingi kwa sababu mifano yake ni ya uongo. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo, kibiongo: maneno haya yote yapo na yote yanaanza na KI-. Naipinga kwa sababu imezaa watoto wawili, na wote wawili wanaharibu. Mtoto wa kwanza ni yule anayesema: "Si sisi tunaowadharau hawa watu, ni lugha yenyewe iliyowaweka pamoja na viti na vijiko." Mtoto wa pili anakuja amevaa fulana ya semina na kusema: "Basi tuiondoe KI-, dharau nayo itaondoka." Wa kwanza anaitwisha sarufi dhambi ya watu. Wa pili anadhani dhambi hiyo inafutika kwa kifutio.

Msidhani ni ugomvi wa vitabuni tu. Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika insha kuhusu watoto viziwi katika shule za kawaida. Kila palipokuwa na neno "kiziwi", mhadhiri wake, ambaye simtaji, alipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Ngeli ya vitu!" Alama zikashuka. Insha yenyewe ilieleza jinsi mtoto kiziwi anavyokalishwa nyuma ya darasa, mahali ambapo haoni hata midomo ya mwalimu, halafu mwisho wa mwaka anaambiwa ni mzito wa kuelewa. Pembeni ya maelezo hayo hapakuwa na hata tone moja la wino mwekundu.

Nianze na wenye jina lenyewe. Tanzania kuna chama kinachoitwa CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Ni chama cha viziwi, si jina walilobandikwa na maadui zao. Kuna pia Chama cha Wasioona Tanzania. Hawa neno kipofu hawakuliweka mlangoni pao. Kuna CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania. Na juu yao kuna SHIVYAWATA, Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania. Nchi ni moja, lugha ni moja, na majina yamepita njia tofauti: VI- hapa, WA- pale, "watu wenye" kule. Kama KI- na VI- zingekuwa tusi kwa asili yake, ingebidi tuseme kwamba viziwi wa Tanzania hawajui Kiswahili, na kwamba sisi wa Burundi, tuliojifunza ngeli kwenye ubao, tunakijua kuwapita. Nani yuko tayari kusimama mbele yao na kusema hivyo?

Na si Tanzania peke yake. Mwaka 1991 Shirikisho la Viziwi Duniani lilikubaliana kutumia maneno ya wazi, kiziwi na mwenye usikivu hafifu, badala ya yale maneno ya kitabibu yanayomtaja mtu kama masikio yaliyoharibika. Hoja hiyo inaeleweka. Kiziwi ana lugha yake, lugha ya alama, yenye msamiati na sarufi. Ukimwita "asiyesikia" umemtaja kwa kile ambacho hana. Ni sawa na kuniita mimi "asiyezungumza Kichina". Ni kweli sikizungumzi, lakini hilo si jina langu.

Sasa nije kwenye sarufi, kwa sababu hapo ndipo mhadhiri wa wino mwekundu anapojiona salama. Nasema hayuko salama. Wiki moja baada ya kufundishwa kwamba KI-VI ni ngeli ya vitu, tunafundishwa upatanisho wa kisarufi. Kitabu kimeanguka. Kipofu ameanguka. Vitabu vyetu vimepotea. Viongozi wetu wamepotea. (Mfano wa mwisho ni wa sarufi tu, msiupeleke mbali.) Kwa umbo la nje kipofu anafanana na kitabu, lakini Kiswahili sanifu hakikubali kusema "kipofu kimeanguka". Kitenzi kinamtambua kuwa mtu, kivumishi kinamtambua, kimilikishi kinamtambua: kipofu mrefu, kipofu huyu, kipofu wetu. Na walimu haohao wanatufundisha kwamba siku hizi ngeli zinapangwa kwa kigezo cha upatanisho, ndiyo maana tunaziita A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I. Kwa kigezo hicho kipofu na kiziwi wako ngeli ya A-WA, pamoja na mwalimu na mhadhiri. Kwa hiyo maneno "ngeli ya vitu!" hayakuwa ukali wa mwalimu anayetetea utu. Yalikuwa kosa la sarufi lililoandikwa kwa wino mwekundu.

Na hesabuni wengine waliomo kwenye umbo hilo: kijana, kiongozi, kinyozi, kiranja, kipenzi, kichanga, kikongwe, kitindamimba, kiumbe. Hata kibarua wa bandarini Rumonge, anayepakua magunia na madumu ya mawese, yumo. Na neno lake halitokani na udogo wa mwili wake. Linatokana na barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mfanyakazi wa siku ili aje kudai ujira. Kasoro ya mwili iko wapi kwa kinyozi? Kiongozi ana kilema gani? Mwalimu akibanwa hapa hujibu kwamba hao ni "mighairi", yaani wako nje ya kanuni. Kanuni ambayo walio nje yake wanakaribia kuwa wengi kuliko walio ndani yake, mimi siiiti kanuni.

Mtu wa kwetu ataniuliza: mbona Bugarama tunasikia "kile kiziwi kimekuja"? (Nasema Bugarama ya ziwani, njia ya Bujumbura kwenda Rumonge, si ile ya Muramvya wanakouza mboga. Majina hayo yana herufi zilezile tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na ukishuka gari ukitafuta mukeke kwenye ile ya milimani utacheka mwenyewe.) Ni kweli, tunasikia hivyo kila siku, na anayetoka Dar es Salaam akisikia anashtuka, anadhani watu wa ziwani ni wakatili. Hajui kwamba anachosikia ni Kirundi kilichovaa maneno ya Kiswahili. Katika Kirundi upatanisho unafuata umbo la jina hata kama jina hilo ni la mtu. Bubu ni ikiragi, na akija tunasema "ikiragi kiraje". Kipofu ni impumyi, na akija tunasema "impumyi iraje", kama tunavyosema "inka iraje" kwa ng'ombe. Anayesema "kile kiziwi kimekuja" huenda hajamdharau mtu yeyote. Amebeba tu upatanisho wa nyumbani na kuuleta sokoni.

Kuna jirani yetu mmoja anayeshona nyavu ufukweni, kiziwi tangu utotoni. Mama yake, mzee anayeheshimiwa mtaani, akitaka aitwe chakula humwambia mjukuu: "Mwambie kiziwi changu kije kula." Changu. Kije. Mhadhiri wetu angemaliza kalamu. Lakini mama huyo ndiye aliyejifunza ishara za mikono za mwanawe kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndiye anayegombana na wanaomcheka. Siku moja walikuja watu wa semina, wakamsahihisha mbele ya wanawake wenzake: aseme "mtu mwenye ulemavu wa kusikia". Mama akaitikia kwa adabu, akanyamaza mpaka kikao kikaisha. Na baadhi ya wenye mitumbwi, ambao Kiswahili chao ni safi kama cha redio na husema "yule bwana" kwa upatanisho usio na doa, ndio wanaomlipa pungufu kuliko washonaji wengine kwa wavu uleule, kwa kuwa hawezi kupaza sauti wakati wa kupatana bei. Niambieni ni nani kati yao aliyemfanya kitu.

Kirundi kina ushahidi mkubwa zaidi, na ninashangaa kwamba sisi tunaokinyonya na maziwa hatuutumii tunapozungumzia ngeli. Mungu kwa Kirundi ni Imana. Imana haiko kwenye ngeli ya umuntu na abantu. Iko kwenye ngeli ya inka na intama, na upatanisho wake ni huohuo wa ng'ombe na kondoo: tunasema "Imana ishimwe", Mungu ashukuriwe, kwa kiambishi kilekile tunachompa ng'ombe aliyepotea njia. Je, Warundi wamemshusha Mungu wao? Basi impumyi, yule kipofu, anagawana kiambishi na Mungu na kondoo kwa pamoja. Jirani zetu wa Rwanda wanamwita mtoto wa mfalme igikomangoma: herufi zilezile za iki- na igi- tunazoziona kwenye ikimuga, yaani kilema. Mtu mwenye nguvu na sifa ni igihangange. Mwizi ni igisuma. Mwana wa mfalme, shujaa, mwizi na kilema, wote wamepita mlango mmoja. Nani anaweza kusimama kwenye mlango huo na kusema unaashiria dharau? Hata Kiswahili hakikumweka Mungu kwenye M-WA. Wingi wake ni miungu, kama mti na miti.

Na hapa niseme jambo ambalo vitabu vingi vya ngeli vilivyoandikwa kwa ajili ya shule haviligusi. Kirundi bado kina aka- kwa ajili ya udogo: akana ni mtoto mdogo, akazu ni kijumba. Kiswahili sanifu kimeiacha ka- hiyo na kuikabidhi KI- kazi ya kudogosha, ingawa Kiswahili kinachotufikia kutoka Uvira na Baraka kinasema katoto bila wasiwasi. Iki- ya Kirundi yenyewe, ikibandikwa kwenye jina ambalo si lake, mara nyingi hukuza au hukejeli. Kwa hiyo mtoto wa Bugarama anakua na KI- mbili masikioni. Moja inapunguza, nyingine inatanua. Mwambieni mtoto huyo kwamba KI- ina maana moja, naye atakuuliza: ya ukumbi gani?

Tugeuze upande wa pili. Kama KI- inadhalilisha, basi M-WA ingepaswa kuheshimisha. Mwizi, mchawi, mlevi, mshenzi, mjinga, mnafiki: wote wamo M-WA, wamepewa upatanisho kamili wa utu. Mtumwa naye yumo. Katika misafara iliyopita Ujiji, ng'ambo ya kusini-mashariki kwetu, mtu aliyefungwa minyororo aliitwa mtumwa, wingi watumwa, na sarufi ikamtambua kuwa mtu tangu kiambishi hadi kitenzi: mtumwa amechoka, mtumwa ameanguka. Upatanisho huo wa heshima haukumfungua hata pingu moja.

Halafu kuna jina letu wenyewe. Katika Kirundi cha milimani, kwa miaka mingi, Umuswahili halikuwa tu jina la mtu anayezungumza Kiswahili. Lilikuwa na maana ya mjanja, mwongo, mtu wa kutoaminiwa na pesa wala na binti. Nimeitwa hivyo shuleni, na wengi wenu mliotoka Rumonge, Nyanza-Lac au Buyenzi mmeitwa hivyo. Neno hilo linaanza na umu-, ngeli ya watu kwa umbo na kwa upatanisho, ngeli ya umwami na umuganwa na umwigisha. Hakuna ngeli safi kuliko hiyo. Na tusi likapita ndani yake kama maji kwenye wavu. Wakati huohuo lugha tunayoisoma, na tunayojivunia kuwa ya Afrika Mashariki nzima tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya mwaka 2007, ni KI-swahili. Kama herufi hizo mbili ni aibu, tuanze kuzikwangua kwenye mlango wa idara.

Neno lililo hatari kuliko yote niliyoyataja halina KI- kabisa. Ni zeruzeru. Kirundi kinasema nyamweru. Mwaka 2008, Ruyigi, hapa kwetu Burundi, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, na upande wa Tanzania hali ilikuwa hiyohiyo miaka hiyo. Hakuna mwanasarufi anayeweza kunionyesha kiambishi kilichowaua. Waliuawa na watu walioamini kwamba mfupa wa jirani yao una bei. Nakubali kwamba "mtu mwenye ualbino" ni jina bora, na mimi nalitumia, kwa sababu wahusika wameliomba. Lakini aliyeshika panga hakuwa akisubiri somo la ngeli.

Ugonjwa wa kusoma maana kwenye herufi za mwanzo haukuanzia kwetu. Wenzetu wa Kiingereza wana neno "handicap", ambalo Wafaransa walilichukua, nasi tumelipokea kwao. Leo hii Bujumbura utasikia "handicapé" kuliko jina lolote la Kirundi. Limeenea simulizi kwamba neno hilo linatokana na ombaomba aliyeshika kofia mkononi, maana "hand" ni mkono na "cap" ni kofia. Watu wengi wenye nia njema wameliacha kwa sababu ya simulizi hiyo. Simulizi ni ya uongo. Neno lilianzia kwenye mchezo wa kubadilishana mali wa karne ya 17, wachezaji wakitia mikono kofiani wakiwa na pesa za dau. Karne ya 18 likaingia kwenye mbio za farasi: farasi mwenye nguvu alibebeshwa uzito wa ziada ili wote wawe na nafasi sawa ya kushinda. Maana ya ulemavu ilikuja baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo mzigo uliotajwa na neno hilo ulikuwa mgongoni mwa mwenye nguvu, na aliyeuweka ni mwandaaji wa mbio. Ukiangalia herufi tu, unaona ombaomba. Ukifuata historia, unaona mtu anayepanga uzito. Kiingereza hichohicho kina "disease", "disaster" na "disgrace", yote mabaya. Lakini kina pia "district", "distance" na "discipline", na sijamsikia mwalimu wa Kiingereza akiwaonya wanafunzi wake kwamba wilaya ni balaa.

Najua hoja iliyobaki mkononi mwa wapinzani wangu, na ndiyo yenye nguvu. Watasema: sawa, lakini mbona majina ya kasoro yamejaa KI- kiasi hiki? Kipofu, kiziwi, kiwete, kiguru, kibogoyo, kibiongo, hata chongo, ambaye ch- yake ni KI- iliyokutana na irabu. Hiyo haiwezi kuwa bahati tu.

Nakubali si bahati. Inawezekana wahenga wetu walipowapa majina hayo walikuwa na jicho la kudogosha. Wahenga hawakuwa malaika. Lakini asili ya neno ni jambo moja, na maana yake leo mdomoni mwa anayelitumia ni jambo jingine. Lugha iliyowaweka hao kwenye umbo la KI- ndiyo iliyowatoa kwa upatanisho, bila semina yoyote. Tena tuyatenganishe maneno haya badala ya kuyafunga fungu moja kwa sababu ya herufi zake. Kilema ni jina la kasoro na pia jina la mtu: "ana kilema", "yeye ni kilema". Kichaa vilevile: "ana kichaa", "yeye ni kichaa". Hapo mtu amebebeshwa jina la kasoro yenyewe, amekuwa kasoro inayotembea, na maneno hayo mimi niko tayari kuyaacha leo kabla ya jua kuzama. Lakini kiziwi si jina la kasoro; hali yake inaitwa uziwi. Kipofu si jina la kasoro; hali yake inaitwa upofu. Hakuna anayesema "ana kipofu". Mwanafunzi anayefundishwa kuona tofauti hiyo amejifunza sarufi. Anayefundishwa kukimbia herufi mbili amejifunza woga.

Sehemu ya lawama ni ya namna tunavyotumia vitabu. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alijaribu kueleza wazo lililo nyuma ya kila ngeli, na jaribio lake lilisaidia sana wageni waliokuwa wakijifunza lugha yetu. Waliokuja baadaye wakaligeuza jaribio hilo kuwa amri. Kamusi nazo zimechangia bila kukusudia. Ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliwakusanya ndugu chini ya mzizi mmoja, hivyo ulimkuta kiongozi karibu na kitenzi kilichomzaa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ya mwaka 1981, inapanga kwa herufi ya kwanza, jambo linalomrahisishia msomaji kazi, lakini ukurasa wa KI- ukaonekana kama ukoo: kipofu, kipolepole, kipondo. Hawa ni watu waliokutana kwenye foleni, hawana undugu. Sisi tunaosoma ukurasa ndio tuliowaozesha.

Watasema pia kwamba sheria iko upande wao. Niisome basi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Burundi iliridhia mwaka 2014 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule wa mwaka 2006, na tangu 2018 tuna sheria yetu. Ibara ile ya Kenya haikutaja kiambishi chochote. Imeacha swali wazi, na swali lenyewe ni la kuulizwa mtu: wewe unapenda uitwe nani? CHAVITA wamejibu. Wasioona wamejibu tofauti. Watakaojibu hapa kwetu wajibu wanavyotaka, na jibu lao likiwa "mtu mwenye ulemavu wa kusikia" nitaliandika kwa mkono wangu na kulifundisha. Lakini liwe jibu lao. Lisiwe la mhadhiri, wala la mratibu wa semina, wala langu.

Kwa idara yetu nina maombi mawili. Mwenzetu arudishiwe alama zake, kwa sababu insha yake haikuwa na kosa pale palipopigwa mstari. Na ile sentensi ya mwaka wa kwanza itolewe kwenye muhtasari wa somo, iwekwe ya kweli: kwamba umbo la KI-VI lina majina ya vitu, ya lugha, ya namna, ya udogo na ya watu wa kila hadhi, na kwamba majina ya watu yaliyo humo yanapatana kwa A-WA. Si ndefu sana. Inaingia kwenye mstari mmoja na nusu wa ubao.

Mpaka hapo swali litakuja tena kwenye mtihani, kama lilivyokuja mwaka jana: "Taja watu wanaopatikana katika ngeli ya KI-VI, utoe sababu." Mimi nitaandika kijana, kiongozi, kinyozi, kiziwi na kibarua, kwa mpangilio huo. Kwenye nafasi ya sababu nitaandika: "Wote wamefika." Atakayenikata alama aniandikie pembeni ni kitenzi gani nilipaswa kutumia.